Jibu likikufikia ukiwa Zakhem

Ilikuwa harusi ya mdogo wake mume wangu, Magomeni, na sufuria la pilau nilikabidhiwa mimi. Watu walipomaliza kula, wifi yangu mkubwa alinawa, akaja hadi uani nilipokuwa, akaniwekea mkono begani. Wanawake sita walikuwa wamechuchumaa pale wanaosha sahani. Akasema, "Hongera, wifi. Harufu ya pilau tumeipata. Pilau yenyewe tutakula siku nyingine, inshallah."

Nikamjibu, "Asante, wifi, karibu tena."

Karibu tena! Nilielewa nilichoambiwa pale nilipoona mabega ya waosha sahani yanatikisika. Wifi alishageuka, anaitafuta kandambili yake mlangoni.

Jibu lilikuja saa mbili baadaye. Nimesimama ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia hotipoti. Lilianza tukiiacha Mtoni Mtongani, na tulipofika kituo cha Zakhem, kule Mbagala, lilikuwa limeiva, tamu kiasi kwamba nilicheka peke yangu na konda akaniuliza kama nashuka.

Wafaransa huiita hali hii akili ya ngazini. Mwandishi wao Denis Diderot, aliyeishi karne ya 18, alieleza kwamba siku moja mezani kwa mwenyeji wake Necker, mwandishi mwenzake Marmontel alimpiga neno likamziba mdomo. Mtu mwepesi wa kuguswa, alisema Diderot, hupotewa na kichwa, akakipata tena akiwa chini ya ngazi, yaani ameshaagana na wenyeji. Yeye alikuwa na ngazi, mimi nina Zakhem. Tangu siku ile nimeyafanyia kazi majibu yangu ya njiani, na yafuatayo ndiyo ninayoyafuata.

Kwanza, acha kujiona mzito

Katika mazungumzo ya kawaida, mtu mmoja akinyamaza mwenzake huanza kusema baada ya muda mfupi mno. Utafiti mmoja uliotoka mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10 za pande mbalimbali za dunia, ulikuta wastani wa takriban sekunde 0.2. Lakini kutaja tu jina la kitu unachokiona pichani huchukua kama sekunde 0.6. Hesabu haikubali, isipokuwa kwa njia moja: sote huanza kupika jibu mwenzetu angali anasema. Tunabahatisha anakoelekea, tunaweka jibu tayari mdomoni, akimaliza tu tunalitoa.

Sasa tazama kijembe kinavyofanya kazi. Huja kimevaa nguo za sifa. Wifi alianza na "hongera", nami nikaanza kupika "asante, karibu tena", kwa sababu ndilo jibu la hongera tangu nimezaliwa. Sumu ilikaa mwishoni mwa sentensi, wakati jibu langu limeshatoka nyumbani na liko njiani. Mwenye kijembe hakukuzidi akili. Alijua anakokwenda, wewe ulikuwa unabahatisha. Ongeza na moyo unaodunda na uso unaopata moto, na kwa dakika kadhaa huna kichwa cha kutungia lolote.

Na wale wenye midomo mepesi? Nimeishi nao, nimewachunguza. Wengi wao hawatungi papo hapo. Wanachota. Miaka ya 1990, vikundi vya taarabu vya Tanzania One Theatre na Muungano vilipokuwa vinapigana mipasho, kila pigo lilikuwa na mtunzi, lilikuwa na mazoezi, lilikuwa na kinanda. Hadhira ilisikia kama mtu kajibiwa usoni usiku uleule. Kabla yao, katika karne ya 19, mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na mahasimu wa Lamu, beti zikitungwa mji mmoja na kusomwa mji mwingine. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, mshairi aliuliza toleo hili, akajibiwa matoleo ya mbele. Pwani hii haijawahi kumcheka mtu kwa jibu lililochelewa kama limekuja na vina vyake.

Kwa hiyo lile la Zakhem ni mali. Usilitupe dirishani.

Liandike kabla hujalipamba

Toa simu hapohapo ndani ya gari. Lakini usianze na jibu lako. Anza na maneno ya mwenzako, neno kwa neno, kama alivyoyasema. Watu wengi huruka hapa. Ukifika nyumbani bila kuyaandika, kichwa kitakuwa kimeyabadilisha: yatakuwa makali zaidi kuliko yalivyokuwa, na wewe utakuwa unamjibu mtu ambaye hayupo. Mimi kesho yake nilikuwa nahadithia kwamba wifi aliniambia sijui kupika. Hakusema hivyo. Alisema harufu wameipata. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa jibu.

Andika pia nani alikuwepo na kilichotangulia. Mistari mitatu inatosha. Halafu ndipo jibu lako, hata kama ni refu kama hotuba ya mgeni rasmi.

Lilaze, kisha likate

Asubuhi lisome kwa sauti. Haya ni yangu, yalivyo kwenye daftari:

La usiku ule: "Wifi, kama ulikuwa huoni ladha ungesema mapema, maana mimi mwenyewe nimekuona kwa macho yangu unarudi kupakua mara ya pili, na bado ukamfungia na mumeo kwenye hotipoti, sasa hiyo harufu ulikuwa unaifungia nini?"

La asubuhi: "Mbona ulipakua mara mbili?"

La mchana, baada ya kikombe cha chai: "Sahani mbili za harufu, wifi?"

La kwanza ni malalamiko. Unaweza kulisikia linavyohema. Tena lilimtaja mumewe, mtu asiyehusika, na kumwingiza mtu asiyehusika ndiko kunakogeuza utani kuwa ugomvi wa ukoo. La pili ni fupi lakini halina ndoano, angeweza kusema "nilikuwa na njaa" na mchezo ukaishia hapo. La tatu ndilo.

Litazame kwa karibu, kwa sababu fundi akishalijua umbo lake atashona mengine mengi. Kuna neno lake yeye, "harufu", nimemrudishia kama nilivyolipokea. Washairi wa malumbano hufanya hivyohivyo: anayejibu hufuata vina vya aliyemwanza, na hapo ndipo utamu ulipo. Kuna jambo moja la kweli ambalo wote waliokuwepo wameliona, sahani mbili. Si siri, si tusi, si habari ya mwaka juzi. Limekuja kwa njia ya swali, kwa hiyo zamu ya kutafuta jibu imehamia kwake. Na mwishoni kuna "wifi". Ukiondoa neno hilo, unamvua mtu undugu. Ukiliacha, kila mtu anajua bado tuko nyumbani.

Kipimo changu cha urefu ni kanga. Majina ya kanga ni majibu yaliyokwisha kukatwa na watu wenye mkasi mkali: "Hasidi hana sababu". "Usisafirie nyota ya mwenzio". Hata refu kama "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" lina maneno kumi tu, na yote yanakaa mstari mmoja juu ya pindo. Jibu lako lisipoenea kwenye kanga, bado ni malalamiko.

Jiulize kama lilistahili jibu

Hapa sikai sana. Kuna maneno yanayotoka kwa mtu mwenye msiba, mwenye maumivu, mwenye deni linalomnyima usingizi. Kuna maneno ya wazee ambao hawajui tena wanachosema. Kuna maneno ya watoto. Hayo yaandike ukipenda, kisha funga daftari. Mtoto hasa: mtu mzima aliyemshinda mtoto wa miaka tisa kwa maneno hajashinda kitu.

Hesabu vijembe vinavyojirudia

Baada ya miezi michache ya kuandika utagundua jambo linalochekesha. Vijembe unavyopigwa ni vilevile, vitano au sita, vinabadilisha midomo tu. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nina vya kazi na vya nyumbani. Hivi ninavyo majibu yake ghalani, na unaweza kuazima:

"Umenenepa!" — "Alhamdulillahi, macho yako mazima."

"Utaolewa lini?" (nilikisikia miaka sita mfululizo) — "Tarehe nikiipata, mchango wako ndio wa kwanza kuuandika." Jibu hili hunyamazisha ukumbi mzima, maana hakuna anayependa kukumbushwa mchango.

"Mtoto wa pili vipi?" — "Tusaidie ada ya wa kwanza, tutaanza kuhesabu."

"Fundi, bei yako kali." — "Nguo utaivaa miaka mitano, bei utailalamikia leo tu."

"Mafundi na ahadi!" Hiki sina jibu. Kina ukweli ndani yake, na kijembe chenye ukweli hujibiwa kwa kumaliza nguo ya mtu. Nimejaribu njia nyingine zote.

Yasome kwa sauti yako mwenyewe, ukiwa unapika au unapiga pasi. Jibu lililosomwa kimya hukwama kooni siku ya siku. Na usiyasome kwa hasira. Yaseme kama unavyosema "chumvi iko wapi". Anayejibu kwa sauti ya kawaida, huku mikono yake inaendelea na kazi, ndiye anayekumbukwa.

Uwe na maneno ya kukushikia nafasi

Ghala halitatosha kila siku. Siku nyingine utapigwa kipya kabisa, na zile sekunde 0.2 zitakwisha ukiwa unakodoa macho. Hapo hauhitaji jibu, unahitaji kitu cha kuweka mlango wazi. Ninachokipenda kuliko vyote ni "Hebu rudia, sikukusikia vizuri." Kijembe kikirudiwa hupoa kama chapati ya jana. Mwenyewe atakilainisha, atakifupisha, au atasema "aah, hamna kitu." Kwa wakubwa sema "Samahani mama, unasema?" ukiwa umemtazama kwa adabu zote.

"Una maana gani?" ni kizito kidogo, hufaa pale ambapo neno limegusa kazi yako au heshima yako mbele ya watu. "Ewaa?" ukiivuta kidogo, kisha ukanyamaza, humfanya msemaji aendelee mpaka ajikwae mwenyewe. Na pale penye utani wa kweli unaweza kukiri waziwazi: "Hilo umenipata. Jibu lako liko jikoni, linachemka." Watu watacheka nawe, na umeshapata ruhusa ya kuchelewa.

Fanya mazoezi kwa watani

Waliotuzaa walikuwa na chuo cha bure cha mambo haya. Mhehe na Mngoni, Mchaga na Mpare, Msukuma na Mzaramo: mtani anaweza kukusema hadi kwenye msiba wa baba yako, akalala kwenye jeneza na kudai apewe hela ndipo atoke, na hakuna anayekasirika. Pale ndipo mtu anajifunza kupigwa neno bila uso kupata moto. Kama huna mtani wa kabila, tumia bibi, babu au shemeji. Nao ni watani halali.

Mimi nilianza na shemeji yangu. Alikuja nyumbani jioni moja, nikamwandalia chai. Akainua kikombe, akakitazama kwenye mwanga wa taa, akasema, "Shemeji, hii ni chai au rangi?" Nikasema nikiwa namenya kitunguu, bila kuinua kichwa, "Vikombe vitatu vya rangi, shemeji?" Alikuwa kweli kwenye kikombe cha tatu. Alicheka mpaka akamwaga. Ni lilelile la wifi, nimelibadilisha kola na vifungo. Umbo likishakuwa lako, nguo ni nyingi.

Likiwa jambo la haki, rudi nalo

Majibu mengine si ya kuchekesha. Mwenye nyumba wangu wa zamani alinisimamisha mlangoni akaniambia kodi inapanda kuanzia mwezi ujao, kama siwezi wapangaji wako foleni. Nikasema "sawa, baba." Usiku ndipo nilikumbuka nimeshamlipa ya miezi sita na bado ilibaki mitatu.

Kwa mambo ya namna hii, ya mshahara, kodi, matibabu, mtoto shuleni, kuchelewa hakujakufungia kitu. Rudi kesho yake, mchana, uso kwa uso kama inawezekana, na karatasi yako mkononi. Anza na maneno yake: "Baba, jana uliniambia kodi inapanda mwezi ujao. Sikujibu kwa sababu nilishtuka. Nimetazama risiti, nimelipa mpaka mwezi wa tisa. Naomba tuongee bei mpya ikifika mwezi wa tisa." Hakuna kijembe humo hata kimoja. Ukichomeka kimoja tu, atajibu kijembe na kuacha risiti. Mwenye nyumba alinuna, akakubali.

Usilirushe usiku

Jibu la njiani lina hatari moja: linakuja pamoja na simu. Zamani ulikuwa huna budi kusubiri duka lifunguliwe, uende Kariakoo, uchague doti yenye jina lako, uishone pindo, uivae siku ya shughuli, upite mbele ya mlengwa. Wiki mbili. Nusu ya ugomvi ilikuwa imeshakufa njiani. Na hata ukiivaa, kanga ina ustaarabu wake: akiuliza, unasema "mimi nimevaa tu nguo", naye ana nafasi ya kujifanya hajasoma. Taarabuni vilevile. Mwimbaji akifika kwenye ubeti wako, unanyanyuka kwenda kutunza, unapunga noti ukimtazama unayemtazama, unarudi kukaa. Hujasema neno.

Status ya WhatsApp imejifanya kanga ya siku hizi, lakini haina pindo. Mwaka ule wa pilau, kabla sijajifunza, nilibandika moja saa tano usiku: kuna watu wanakula kwako na kukusema kwako. Kufika asubuhi, jirani alikuwa amenipigia kuuliza amekosa nini. Mteja mmoja alinitumia pesa ya suruali niliyomdai tangu Ramadhani, na maneno "tusifike huko, fundi." Shoga yangu alininunia wiki nzima. Wifi hakuiona. Alikuwa hana bando.

Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba jibu lililozaliwa baada ya isha halitoki nyumbani kabla ya saa nne asubuhi, na halipiti kwenye kundi la familia kamwe. Kundi la familia lina watu arobaini, na kila mmoja atalisoma kwa sauti ya kichwa chake. Kama ni lazima afikishiwe, afikishiwe yeye peke yake, na iwe kwa mdomo. Sauti hubeba kicheko, maandishi hayabebi.

Likikosa pa kwenda

La wifi nililitunza miezi minane. Nililifanyia mazoezi jikoni, kwenye cherehani, bafuni. Idd ilipofika alikuja kwangu na wanawe. Nilipika pilau makusudi. Sikupika biriani, nilitaka aingie mwenyewe. Nikampakulia, nikakaa mkao wa kusubiri, jibu liko kwenye ncha ya ulimi.

Akala. Akaongezwa, akala. Akanawa, akafuta mikono kwa kanga, akanitazama. "Wifi," akasema, "leo umeweza." Nikasubiri mkia wa sentensi. Haukuja. Akasema tena, "Na mume wangu nifungie kidogo."

Nikaingia jikoni, nikachukua hotipoti. Nikamfungia sahani mbili.